Mnepo wa Sindano ya Shanga

Msomaji wetu mmoja, mwanamke wa Kirumba hapa Mwanza ambaye saa zake za jioni amezitoa kwa sindano na uzi, ametuandikia barua kuuliza jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza aweza kulidhania kuwa ni dogo. Anadarizi kitambaa cha kutundika ukutani kwa mshono wa msalaba, picha ya furukombe akiinuka na samaki juu ya maji ya ziwa, na baada ya kuimaliza sura ya ndege kwa nyuzi za pamba ameazimu kuyang'arisha maji, basi kila penye mwanga wa jua juu ya wimbi anatia ushanga wa kioo mahali pa mshono. Kwanza alitumia sindano ileile aliyodarizia, namba 24, nayo haikukubali kupita katika ushanga. Akaenda madukani Makoroboi akanunua sindano za shanga namba 12, ndefu na nyembamba, nazo zikapita vizuri mno, lakini kabla safu ya pili haijatimia mbili zilikuwa zimepinda na ya tatu imekatika. Aliyoyataka kwetu ni maneno machache tu: anunue namba ngapi?

Swali la namba ni swali la haki, maana dukani huulizwa namba wala hayaulizwi maumbile; lakini jibu lake halimo katika namba peke yake, na mimi naliona kuwa ni katika maswali mazuri kabisa yaliyopata kufika kwenye ukurasa huu, kwa sababu ndani yake imo kanuni ileile ambayo wahandisi waliitegemea waliposimamisha nguzo za Daraja la Kigongo na Busisi, lile la takriban kilomita 3 lililofunguliwa mwaka 2025 kukata ghuba yetu. Sitasema lolote juu ya namna ya kuhesabu mishono, wala kukaza kitambaa katika fremu, wala kusoma ruwaza. Mambo hayo yameelezwa kila mahali, na mwenye kuyahitaji atayapata kwa jirani yake. Nakitaka chuma chenyewe.

Katika sindano, namba ikipanda unene hushuka, na katika shanga za kioo ni vivyo hivyo: ushanga namba 15 ni mdogo kuliko namba 11. Ushanga namba 11, ambao ndio utumikao zaidi katika kudarizi, una upana wa milimita 2 na kidogo, na tundu lake ni takriban milimita 0.8. Sindano butu ya kudarizia ya namba 24 ina unene ukaribiao kipimo hichohicho, yaani imelijaza tundu zima kabla uzi haujatiwa hesabuni, na hapo ndipo msomaji wetu alipokwama. Ya namba 28 ina takriban milimita 0.6, na ile ya shanga ya namba 12 ina takriban milimita 0.4. Hata hivyo vipimo hivi havisemi kweli yote, kwa kuwa kinachopita katika ushanga si sindano tupu. Itwae sindano uitazame kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia, uone tundu lake lilivyofanywa: sindano ya kudarizia imepanuliwa kichwani, chuma kimesukumwa pembeni ili uzi mnene upate nafasi, hata kichwa kikawa kipana kuliko kiwiliwili, ilhali ile ya shanga tundu lake ni ufa mwembamba, mrefu, na kichwa chake hakikizidi kiwiliwili ila kwa kiasi ambacho kidole hakikisikii. Kisha tia uzi. Uzi ukipita tunduni hutoka matawi mawili, moja kila upande wa mkia wa chuma, na pale nyuma ya tundu ndipo penye unene kuliko pote: chuma kati, uzi huku na huku. Huo ndio unene wa kweli wa sindano iliyo kazini, nao haukuandikwa kwenye pakiti yoyote.

Sindano ina kazi mbili, kufungua njia na kupitisha uzi, na si lazima kazi hizo zifanywe na chombo kimoja. Wamaasai wa zamani walipokuwa wakishonea shanga juu ya ngozi, msharasi ulitoboa njia, kisha uzi wa kano za mnyama, mkavu na mgumu nchani, ukapitishwa kwa vidole bila sindano kabisa. Kitambaa cha Aida kimeturudisha katika hali ile bila sisi kutambua, maana mfumaji wake amekwisha kuacha matundu kwa mpango, 14 katika kila inchi, au 16, au 18, na ncha haina la kutoboa. Ndiyo sababu sindano ya kudarizia ni butu: yapasa iteleze kati ya nyuzi za kitambaa wala isizichome. Sindano ya shanga ina ncha kali, na ikitumika juu ya Aida, ikalikosa tundu hata kwa unene wa unywele, huchoma katikati ya uzi wa kitambaa, hukwama, na mkono husukuma zaidi. Vilevile hukwama pale kichwa chake chenye uzi kinapoingia katika ushanga wenye tundu finyu, na hapo pia mkono husukuma zaidi. Msukumo huo, wenye kufuata urefu wa sindano kutoka kichwani hadi nchani, ndio uliozipinda sindano za msomaji wetu, na namna ulivyozipinda ndiyo ninayotaka kuikalia kwa muda.

Lahitajika jina. Kupinda ni neno pana kupita kiasi: waya hupindwa kwa mkono, njia hupinda mlimani, na fundi cherehani hupinda nguo chini akashona. Tutakalo ni jina la tukio moja mahsusi, la kitu chembamba kilichosukumwa kutoka nchani hadi nchani kikatoka kando ghafla, na Kiswahili kina kitenzi kilicho karibu mno na maana hiyo, kunepa, kisemwacho kwa fimbo au ubao mwembamba unaoelemewa ukajikunja bila kuvunjika. Kutokana nacho nitaliita tukio hilo mnepo, na walimu wa fizikia wakiona jina hili linafaa, wao ndio wenye uwezo wa kulitia madarasani.

Nenda asubuhi kwenye mwalo wa Igombe, umtazame kijana atoaye mtumbwi katika matete kwa upondo. Ncha moja ameiegemeza topeni, ya pili ameikamata kwa mikono miwili karibu na kifua, naye asukuma kwa kufuata urefu wa mti. Maadamu asukuma kwa kiasi, upondo umenyooka, wala hauonyeshi dalili ya kuelemewa; aongezapo nguvu kidogo, bado umenyooka; aongezapo tena, bado; kisha kwa nyongeza ndogo kuliko zote zilizotangulia, upondo hutoka ghafla katikati ukafanya upinde, na mtumbwi hausogei. Alegezapo mikono, mti hurudi katika unyofu wake, mzima, bila ufa. Hili ni jambo la kustaajabiwa sana, nami sijachoka kulistaajabia: mti haukushindwa kwa udhaifu wa mti. Zile nyuzi za ndani yake zingeweza kustahimili msukumo mkubwa mara nyingi kuliko ule lau zingebaki zimenyooka; kilichoshindwa ni umbo, na umbo halikutoa onyo lolote kabla ya kushindwa.

Sasa mwambie kijana aukate upondo uleule nusu, ainame, asukume tena, naye ataona kwamba mti wa unene uleule, uliotoka katika shina lilelile, wastahimili mara nne ya ulivyostahimili kwanza. Mpe upondo wenye urefu wa awali lakini wenye unene maradufu, naye hataweza kuunepesha hata akiita ndugu zake, kwa kuwa nguvu yake imepanda mara kumi na sita. Umrudishie ule mwembamba, kisha mwenzake aushike katikati kwa mkono mmoja, asisukume hata kidogo, auzuie tu usiende kando; na upondo ule utastahimili tena mara nne, ilhali mkono wa yule mwenzake haukuongeza chochote katika kusukuma, umeunyima mti nafasi ya kutoka njiani basi. Mwisho mfungie kamba kwenye ncha ya mti ule mwembamba, umwambie avute badala ya kusukuma: avute atakavyo, mti hautanepa kamwe, maana mnepo ni msiba wa vitu visukumwavyo, na kivutwacho hujinyoosha chenyewe.

Aliyeitia kanuni hii katika hesabu ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, ambaye mwaka 1744, akiwa mjini Berlin na jicho lake la kulia limekwisha kupoteza nuru, aliichapisha katika nyongeza ya kitabu chake kimoja, nyongeza iliyohusu mistari ya vitu vinepavyo. Kanuni hiyo, kama itumiwavyo leo, yasema kwamba nguvu ya mwisho ambayo nguzo nyembamba huistahimili kabla ya kunepa hufuata ugumu wa maada iliyofanyiwa nguzo hiyo pamoja na unene wake uliopandishwa kipeo cha nne, na hugawanywa kwa urefu wake uliopandishwa kipeo cha pili. Nguvu ya kuvunjika kwa maada haimo kabisa katika hesabu hiyo. Chuma kilichotiwa makali na chuma cha kawaida, maadamu ugumu wao wa kunyumbuka ni mmoja, hunepa kwa msukumo ule ule. Kwa hiyo mwenye duka akuambiapo kwamba sindano hii ni ya chuma bora zaidi, anasema jambo lenye faida yake, kwa kuwa chuma bora hurudi katika unyofu badala ya kubaki kimepinda, lakini sindano hiyo itaanza kunepa palepale ilipoanza ile ya bei rahisi.

Na tuitie hesabuni sindano ya msomaji wetu. Urefu wake ni sentimita 5, unene wake milimita 0.4, na ugumu wa chuma ni wa kujulikana, nao ni paskali bilioni 200. Tukichukua kwamba imenyooka sawasawa na kwamba miisho yake miwili ina uhuru wa kugeuka, jibu ni takriban niutoni 1, yaani uzito wa gramu 100, pungufu ya robo ratili. Robo ratili ndiyo nguvu yote ambayo sindano hii yaweza kuipeleka kwenye ncha yake kabla ya kutoka kando, na mkono wa mtu mzima aliyekwamishwa na ushanga huivuka nguvu hiyo bila yeye mwenyewe kujua kwamba amesukuma. Twaa sasa sindano butu ya sentimita 4 yenye unene wa namba 28, yaani milimita 0.6: jibu lapanda hadi karibu niutoni 8, sawa na ratili moja na robo tatu. Kati ya sindano hizi mbili tofauti ya urefu ni sentimita moja, na ya unene ni sehemu mbili tu katika kumi za milimita, tofauti ambayo jicho hulazimika kuzilaza pamoja ili liitambue, na nguvu zao zatofautiana mara nane. Kisha twaa sindano ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui kwa kuwa maduka mengi hayaiwekei akiba: sindano fupi ya shanga, unene wake milimita 0.4 kama ile ndefu, urefu wake takriban sentimita 3. Hii hupita kila mahali ipitapo ile ndefu, na nguvu yake ni karibu mara tatu, kwa sababu moja tu, kwamba imepunguziwa urefu.

Mwenye kuielewa hesabu hii ataelewa pia mambo ambayo mikono ya mafundi hutenda bila kuulizwa. Mtazame aliyeanza kudarizi mwaka huu, ataishika sindano kichwani, sentimita tano zote zikiwa mbele ya vidole vyake. Mtazame bibi aliyeshona maisha yake yote, vidole vyake viko karibu na ncha, kiasi cha sentimita moja na nusu zimebaki mbele. Kwa sindano ileile namba 12, kushika huko kumeipandisha nguvu kutoka niutoni 1 hadi 11, kwa kuwa sehemu iliyo nyuma ya vidole haisukumwi na chochote, na hesabu huuona urefu ule tu ulio huru. Tena, vidole vikibana barabara hata sindano isiweze kugeuka kati yao, nguvu hupanda tena karibu maradufu. Na ncha ikisha kutokeza upande wa pili, bibi huyo huacha kusukuma akaivuta, akaiondoa sindano katika hatari ya mnepo moja kwa moja. Hakuna aliyemfundisha Euler. Vidole vyake vimefundishwa na sindano zilizopinda, na pengine alipokuwa msichana kila sindano iliyopinda ilikuwa na gharama.

Mtu aweza kuuliza, na ana haki, kwa nini basi sindano za shanga zilifanywa ndefu hivi ikiwa urefu ni adui. Jibu ni kwamba zilifanywa kwa ajili ya kutunga, na kutunga ni kazi nyingine kabisa. Atungaye humimina shanga siniani, akaipitisha sindano kati yao, akaziokota nyingi kwa mfululizo kabla ya kuzishusha katika uzi, na hapo kila sentimita ya urefu ni faida, maana hakuna kitambaa cha kupenya na sindano haisukumwi bali huteleza. Wakati shanga zilipokuwa fedha ya bara, kutunga kulikuwa ni kuhesabu mali. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859 pamoja na John Hanning Speke, huyo Speke aliyeachana naye njiani akafika ufuko wetu wa Mwanza mwezi Agosti 1858, ameandika kwamba shanga zilipimwa kwa kete, na kete kumi zikafanya fundo, na kwamba zilizotamaniwa kuliko zote zilikuwa samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani, ambazo watu wa njiani walizipa majina yenye maana ya kimaliza chakula na kivunja mji, kwa kuwa mume aliweza kukitoa chakula chake ili azipate, na wanawake walizitaka kupita kiasi. Kwa biashara ya kete na fundo, sindano ndefu ni chombo cha busara. Kwa furukombe wa Kirumba, ambaye kila ushanga wake hushonwa peke yake mahali pake, sindano ndefu ni mzigo ulipiwao kwa kipeo cha pili.

Samesame zile zilitoka Venisi, ambako tangu mwaka 1291 tanuru za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano, na jinsi tundu la ushanga linavyopatikana yafaa kutajwa hapa kwa kuwa lamgusa mnunuzi. Ushanga mdogo hautobolewi. Bonge la kioo cha moto hutiwa pumzi katikati, kisha mafundi wawili hulishika kila mmoja upande wake wakaachana mbio, na kioo hunyooka kuwa mrija mrefu mwembamba, na ile pumzi ya katikati hunyooka pamoja nacho ikawa tundu lililopita mrija mzima. Uwiano wa tundu na unene hubaki ule uliokuwamo katika bonge, hata mrija ukonde namna gani. Halafu mrija hukatwa vipande, na vipande hutiwa moto tena vikizungushwa ili kingo zake zilainike. Leo mitambo imeshika mahali pa mafundi wenye kukimbia, lakini tabia ya kioo haikubadilika, na palipo na tofauti ndogo ya joto pana tofauti ya tundu. Shanga za Japani kwa kawaida zina matundu mapana na yaliyolingana. Zile za Jablonec katika nchi ya Ucheki, ambazo zimeenea sana Afrika Mashariki, hutofautiana zaidi ndani ya mfuko mmoja. Ushanga ukikataa sindano, uwekwe kando papo hapo, usisukumiwe. Kioo hustahimili sana kubanwa na hustahimili kidogo sana kutanuliwa, na sindano iliyokwama tunduni hukitanua kutoka ndani. Kikipasuka, uzi hukatwa na makali yake, na mishono ya jirani hulegea pamoja nao.

Basi mpangilio wa kuchagua, kwa maoni yangu, uwe huu. Aanze na sindano butu namba 28, aende dukani akiwa na shanga zake mwenyewe na uzi wake mwenyewe, autie uzi tunduni palepale kwenye meza ya muuzaji, kisha azipitishe shanga kumi hivi zilizochukuliwa bila kuchagua. Zikipita nyingi, hiyo ndiyo sindano yake, na hana sababu ya kutafuta nyingine, kwa kuwa ncha butu italinda kitambaa na unene utailinda sindano. Zikikataa nyingi, ashuke kwenye sindano fupi ya shanga namba 10 au 12, akubali ncha yake kali na kuitazama kwa makini. Sindano ndefu ainunue siku atakapotaka kutunga. Zipo pia sindano za waya mbili zilizounganishwa miisho, ambazo tundu lake ni urefu wote wa sindano, na wenye macho mazito huzipenda kwa wepesi wa kutia uzi. Lakini kila waya wake ni nusu ya unene, na aliyefuata hesabu ya juu ameshajua yatakayotokea zikisukumwa.

Jambo la safari ya pili ya uzi ndani ya ushanga lisisahauliwe. Katika Aida ya 14 kila mraba una upande wa milimita 1.8, na mshazari wake ni milimita 2.6, basi ushanga namba 11 ulioshonwa kwa nusu ya msalaba, yaani kwa mshazari mmoja tu, hukaa juu ya uzi mmoja nao hupata uhuru wa kulala kushoto au kulia, na safu nzima ya shanga zilizolala huku na huku huvunja mstari wa wimbi hata mtazamaji wa mbali huona kasoro bila kuitambua. Dawa yake ni kuupitia ushanga uleule mara ya pili kwa mshazari wa pili, na hapo sindano hukuta tundu limekwisha kukaliwa na uzi wa kwanza. Kwa hiyo lile jaribio la dukani lifanywe mara mbili katika kila ushanga, uzi wa kwanza ukiwa umo ndani. Sindano nyingi zilizofaulu safari ya kwanza hushindwa hapa. Kwa Aida ya 18, ambayo mraba wake ni milimita 1.4, namba 11 husongamana. Huko zitumike shanga namba 15 na sindano fupi, wala namba 28 isijaribiwe.

Juu ya uzi nitasema kidogo. Pamba, hata ile nzuri itokayo katika mbegu zilizozalishwa hapa kwetu Ukiriguru, huchakaa haraka ikisuguliwa na kingo za kioo, hasa kwa kitambaa kitakachokunjwa na kufuliwa. Kwa picha ya ukutani isiyoguswa uzi mmoja wa pamba, katika zile nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, watosha kwa kila safari. Anayetaka usalama zaidi atumie uzi mwembamba wa poliesta wenye rangi ya kitambaa. Nailoni ya mshipi wa kuvulia, ambayo ni rahisi kupatikana katika kila duka la vifaa vya uvuvi la Kirumba, ina nguvu nyingi kuliko zinavyohitajika, lakini hujikunja kwa kumbukumbu yake na fundo lake hufunguka lenyewe, kwa hiyo mimi siishauri.

Limebaki suala la kutu, ambalo kwa wakaao kando ya ziwa si dogo. Sindano nyingi zimepakwa nikeli, na nikeli ikisha kuondoka kwa jasho la vidole chuma huwa wazi kwa unyevu wa hewa. Kwanza huota vipele visivyoonekana, navyo huongeza msuguano tunduni, hata mtu akashangaa kwamba sindano iliyopita jana leo haipiti. Kisha rangi yake huhamia kwenye kitambaa cheupe. Sindano zihifadhiwe ndani ya kikopo kikavu chenye kifuniko, zikiwa zimefutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na zikatwe uzi kabla ya kulazwa, maana uzi wa pamba uliobaki tunduni hunywa unyevu na kuushikilia pale pale penye chuma chembamba kuliko pote. Iliyokwisha kushika kutu isisuguliwe kwa msasa ili irudi kutumika. Msasa ukiipunguzia unene kwa sehemu moja tu ya kumi, ambayo katika sindano namba 12 ni sehemu nne katika mia za milimita, kipeo cha nne huiondolea theluthi nzima ya nguvu yake dhidi ya mnepo.